Maisha ya Kleist Sykes, Mwana wa Askari Aliyekufa Maji Katika Ruaha

Wasomaji wetu wa Kilolo, na wa Iringa yote, waujua mto Ruaha. Wasafiri washukao kwenda Morogoro na Dar es Salaam huyaona maji yake pale Ruaha Mbuyuni, nao hupita upesi garini pasipo kuwaza hatari. Lakini zamani, kabla ya barabara na madaraja, kuuvuka mto huo wakati wa mvua kulikuwa jambo la kufa na kupona. Wengi walichukuliwa na maji, na majina yao hayakuandikwa popote.

Katika hao alikuwako askari mmoja mgeni. Habari zilizohifadhiwa na ukoo wake zasema ya kuwa alikuwa akirudi kutoka vita vya Wadachi juu ya Mtwa Mkwawa, akiswaga ng'ombe aliowapata vitani, akafa maji katika Ruaha. Nyuma yake aliacha mtoto mchanga wa kiume. Mtoto huyo ndiye Kleist Sykes, ambaye jina lake lajulikana sana katika habari za nchi yetu: askari wa vita vya 1914, karani wa reli, mfanya biashara wa Dar es Salaam, baba wa nyumba, na mmoja wa watu walioanzisha Chama cha Waafrika mwaka 1929.

Twataka kuyaeleza maisha yake hapa, ingawa hakuwa Mhehe, wala hakukaa kwetu, wala hakuwa wa imani yetu, maana alikuwa Mwislamu. Twayaeleza kwa sababu mwanzo wa habari yake umo katika nchi yetu, na mwanzo huo ulikuwa uadui. Tena mwisho wake watufundisha jambo ambalo si rahisi kujifunza.

Kwanza imetupasa kusema asili yake. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, walikataa kutawaliwa na Wadachi. Serikali ya Wadachi ikamtuma Hermann von Wissmann kupigana nao, naye alikuwa hana askari wa kutosha. Basi akaajiri Wasudani huko Misri, na watu wengine akawaajiri Msumbiji, upande wa Inhambane. Hao wa Msumbiji waliitwa Wazulu, maana walikuwa wa jamaa ya Wangoni na Washangani. Katika hao alikuja mmoja aitwaye Sykes Mbuwane, pamoja na mkubwa wao aliyejulikana baadaye kwa jina la Effendi Plantan. Walitua mwaka 1889. Abushiri akakamatwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na wageni wale wakabaki katika jeshi.

Wadachi walipokwisha kuishinda pwani wakageukia bara. Wazee wetu hawajasahau yaliyotokea. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Emil von Zelewski lilikuwa likipita Lugalo, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Kilolo. Wahehe walikuwa wamejificha majanini na nyuma ya mawe. Kwa muda mfupi sana Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wadachi wengine tisa, na askari weusi zaidi ya 200, na wapagazi wengi. Wengi wa askari hao walikuwa wa kundi la Wazulu, jamaa za huyo Mbuwane. Kwa Wahehe Lugalo ni jina la fahari mpaka leo. Lakini katika nyumba za askari wale wa kigeni lilikuwa jina la kilio.

Wadachi hawakusahau. Mwezi wa Oktoba 1894 walirudi chini ya Gavana von Schele, wakaipiga boma ya Kalenga kwa mizinga, wakaiteka tarehe 30. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana porini muda wa miaka karibu minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe. Nchi yetu iliumia sana miaka ile. Mashamba yakaachwa, chakula kikachomwa, na ng'ombe wakachukuliwa kuwa nyara.

Basi ndivyo ilivyokuwa asili ya Kleist. Baba yake alikuwa mmoja wa wale waliotumwa kuishinda nchi hii kwa bunduki. Ng'ombe aliokuwa akiwaswaga siku ya kufa kwake walitoka kwa watu walioshindwa. Hatupendi kulificha neno hili wala kulipamba. Lakini mtoto hakuchagua vita vya baba yake. Yeye alizaliwa Pangani mwaka 1894, na kabla hajajua kusema alikuwa hana baba.

Mtoto wa askari aliyekufa, tena katika nchi ambayo ukoo wake haupo, angeweza kupotea. Hakuwa na babu wa kumpa shamba, wala mjomba wa kumtetea. Lakini Effendi Plantan, mkubwa wa wale Wazulu na rafiki wa marehemu, alimchukua akamlea nyumbani mwake. Alikua pamoja na wana wa Plantan, na kati yao walijulikana sana baadaye Thomas, na Schneider, na Ramadhani Mashado. Watu wa Dar es Salaam waliwahesabu kuwa ndugu, na ndivyo walivyokuwa. Twasema hivi kwa makusudi, kwa kuwa tutaona ya kuwa Kleist hakulisahau jambo hilo maisha yake yote: nyumba yaweza kujengwa na mtu asiyekuwa baba wa damu, na aliyelelewa na wengine ana deni la kulea.

Majina ya watoto hao yaonyesha mahali walipokulia. Kleist, Thomas na Schneider ni majina ya Kizungu, yaliyotolewa katika kambi ya jeshi la Wadachi. Watoto hao walifundishwa kusoma na kuandika, na Kleist alijifunza Kidachi. Elimu hiyo haikutolewa kwa mapenzi tu. Serikali ilitaka makarani, wakalimani na askari wajuao amri. Lakini mtu apewaye kalamu hawezi kuzuiwa asiandike mambo yake mwenyewe, na hivyo ndivyo ilivyotukia.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vikuu vya Ulaya vilianza, vikaingia mpaka huku kwetu. Kleist alikuwa kijana wa miaka ishirini. Yeye na ndugu yake Schneider walipigana upande wa Wadachi, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Ulaya watu walipigana katika mahandaki mahali pamoja. Hapa jeshi lilikuwa likienda daima, kutoka Tanga na Kilimanjaro mpaka Rufiji, kisha mpaka kusini, likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Watu wa Iringa waliona vita hivyo kwa macho. Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Iringa, na mwezi wa Oktoba nchi ikapigwa tena wakati majeshi ya Jenerali Wahle yaliyotoka Tabora yalipopita kwetu. Waliopatikana na hasara kubwa kuliko wote hawakuwa askari, bali wapagazi na wenye vijiji. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, na kuhara, na homa. Wenye vijiji waliona ghala zao zikifagiliwa na jeshi hili leo na jeshi lile kesho.

Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Serikali iliyomlea Kleist, iliyompa jina na lugha na kazi, ilikuwa imekwisha. Fikirini hali yake. Baba yake alikufa kwa ajili ya Wadachi; yeye mwenyewe alihatarisha maisha yake kwa ajili yao; na sasa bendera nyingine imepandishwa, na lugha ya Kidachi haina soko tena. Katika hali hiyo wako waliobaki wakiota mambo ya zamani, wakisimulia vita vibarazani mpaka kufa kwao. Kleist hakuwa mmoja wao. Aliingia katika kazi ya reli chini ya Waingereza, akawa karani.

Kazi ya karani wa reli ilikuwa kazi ya heshima. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, nayo ilikuwa mshipa wa biashara ya nchi nzima. Karani alijua bei, na mizigo, na safari. Aliona ni nani auzaye na ni nani anunuaye, na faida yaangukia mfuko wa nani. Tena alipata mshahara kila mwezi. Lakini aliona pia ya kuwa Mwafrika, hata akiwa hodari namna gani, hupewa mshahara mdogo kuliko Mhindi, na Mhindi mdogo kuliko Mzungu. Hiyo ilikuwa desturi ya kazi za serikali siku zile, nayo ilimfundisha mengi.

Alimwoa Bibi Mruguru binti Mussa, wakajaliwa wana watatu ambao habari zao zimeandikwa: Abdulwahid aliyezaliwa 1924, Ally aliyezaliwa 1926, na Abbas aliyezaliwa 1929. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Kipata, katika mji wa Waafrika upande wa Kariakoo. Jina hilo la Kariakoo lenyewe latoka katika vita, maana hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza. Basi yule aliyekuwa askari wa Wadachi aliwalea watoto wake karibu na mahali palipopewa jina la wapagazi wa adui zake. Hivyo ndivyo miji ikuavyo. Hukusanya pamoja watu ambao baba zao waliwindana.

Mwaka 1924 alikuja Dar es Salaam mgeni mkubwa, Dr. James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Alikuwa mwalimu Mwafrika mwenye elimu ya juu, akisafiri pamoja na tume ya Phelps-Stokes kuangalia hali ya shule. Watu walistaajabu kumwona mtu mweusi akikaa meza moja na wakubwa wa Kizungu na kusikilizwa. Kleist alizungumza naye, na katika maandishi aliyoyaacha juu ya maisha yake alieleza ya kuwa Aggrey ndiye aliyemtia moyo wa kutafuta umoja wa Waafrika. Tanga kilikuwapo chama cha Waafrika wa kazi za serikali, kilichoanzishwa na Martin Kayamba mwaka 1922. Lakini chama hicho kilikuwa cha makarani na walimu. Lililotakiwa sasa ni chama cha kila Mwafrika, wa kabila lo lote na dini yo yote.

Ikapita miaka mitano. Mwaka 1929 Chama cha Waafrika kikaanzishwa Dar es Salaam. Rais wake alikuwa Cecil Matola, mwalimu, Mkristo. Mwandishi wake alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu. Pamoja nao walikuwako Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi na wengine. Twawaomba wasomaji wetu waliangalie jambo hilo. Watu wale hawakuanza kwa kubishana ni nani aliye juu na ni nani aliye chini. Kila mtu alishika dini yake, naye akatoa mkono kwa mwenzake kwa kazi iliyowapasa wote.

Kazi ya mwandishi wa chama haina fahari machoni pa watu. Ni kuandika barua, kuweka hesabu, kukumbusha waliochelewa kutoa ada, na kuhifadhi karatasi. Ndiyo kazi aliyoishika Kleist. Wanachama waliona ya kuwa chama kisicho na nyumba hupeperuka kama makapi, wakaanza kujenga. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakafanya kazi kwa mikono yao wenyewe siku walizopumzika kazi za ajira. Nyumba ikasimama katika njia iitwayo New Street, ambayo leo ni Barabara ya Lumumba, ikafunguliwa mwaka 1933. Wajengaji hawakujua itakuwa nyumba ya namna gani miaka ishirini na mmoja baadaye. Tutalirudia neno hilo.

Mwaka ule ule wa 1933 Kleist alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama cha Waislamu, nacho kikajenga shule kwa ajili ya watoto wao. Sisi wa sharika za Kikristo tulikuwa na shule za misheni tangu siku za Wadachi. Waislamu walikuwa wakibaki nyuma, nao walijua. Hawakuishia katika kunung'unika, walichanga wakajenga. Mtu aliyefundishwa kusoma akiwa yatima alijua thamani ya dawati la mtoto.

Sasa na tuseme juu ya biashara yake, maana kwa sehemu hiyo alisifiwa sana. Kleist hakuridhika kuwa mtu wa mshahara mpaka uzeeni. Aliweka akiba, akaingia katika biashara, na mwisho akaiacha kazi ya kuajiriwa akajitegemea. Leo vijana wetu wa Ilula wauzao nyanya na vitunguu waweza kudhani ya kuwa jambo hilo lilikuwa rahisi. Halikuwa rahisi hata kidogo. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wahindi na kampuni za Kizungu. Tena ilikuwako sheria ya serikali iliyozuia Waafrika wasikopeshwe: mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika mali bila ruhusa ya mkubwa wa serikali, hakuweza kumdai barazani. Serikali ilisema ya kuwa yawalinda Waafrika wasizame katika madeni. Lakini mwenye duka asiyeweza kukopa bidhaa afanyeje? Mhindi huchukua mali leo, akalipa baada ya miezi mitatu akiisha kuuza. Mwafrika alilazimika kuweka fedha mezani kwanza. Maana yake ni kwamba alianza mbio akiwa amefungwa mguu.

Kwa hiyo Mwafrika aliyefanikiwa katika biashara siku zile alifanikiwa kwa akiba, na kwa hesabu safi, na kwa kuaminiwa. Hakuna njia nyingine iliyokuwa wazi. Hapo twaona jinsi Kleist alivyotumia yote aliyoyapata. Kutoka jeshini alipata desturi ya kuamka mapema na kushika utaratibu. Kutoka ofisini mwa reli alipata kalamu na hesabu. Na kutoka nyumbani mwa Plantan alipata neno lililo kubwa kuliko hayo, yaani kujua ya kuwa mali ya mtu mmoja ni kwa ajili ya nyumba nzima. Mji ulimhesabu kuwa mtu mwenye uwezo. Lakini uwezo wake haukukaa sandukuni. Ulikwenda katika elimu ya watoto, na katika chama, na katika shule.

Ndipo vita vikaja mara ya tatu juu ya ukoo huo. Mwaka 1939 Uingereza na Ujerumani zilipigana tena, na vijana wa Tanganyika wakaitwa katika jeshi la King's African Rifles. Abdulwahid na Ally, wana wa Kleist, wakaenda, wakasafirishwa mpaka Burma kupigana na Wajapani. Huko vijana wa Iringa pia walikuwako, na katika nyumba nyingi za kwetu hadithi za Burma zilisimuliwa miaka mingi. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka: babu alikuja na bunduki ya Wadachi; baba alipigana chini ya Wadachi juu ya Waingereza; wana walipigana chini ya Waingereza. Watu wa vizazi vitatu walibeba silaha, na wala vita kimoja hakikuwa vita vyao wenyewe.

Kleist alijua vita ni nini. Alijua kambi, na njaa ya njiani, na kaburi lisilo na alama. Baba yake mwenyewe alikuwa hana kaburi. Baba wa namna hiyo akiwaona wana wake wawili wakipanda meli, hatuhitaji kuambiwa moyo wake ulikuwaje. Wazazi wa Kilolo waliosubiri barua kutoka Burma wajua. Kwa neema wana hao walirudi salama wote wawili. Walirudi wakiwa watu wengine. Walikuwa wameona ya kuwa Mwafrika na Mzungu hufa kwa risasi ile ile, nao wakauliza kwa nini wasihesabiwe kuwa sawa wakiwa hai.

Kleist Sykes alifariki Dar es Salaam mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 55. Hakuuona uhuru, wala chama kilichouleta. Lakini aliacha vitu vitatu: nyumba yenye wana waliolelewa, jengo la chama katika New Street, na maandishi ya maisha yake. Maandishi hayo yakamfikia mjukuu wake Daisy, binti wa Abdulwahid, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naye akaandika habari za babu yake, zikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichotengenezwa na mwalimu John Iliffe juu ya Watanzania wa karne hii iliyopita. Kama Kleist asingaliandika, na kama mjukuu asingalitunza, pengine hata habari ya askari yule aliyekufa katika Ruaha ingalipotea.

Baada ya kufa kwake wana wake wakaishika kazi. Abdulwahid akawa mwandishi wa chama mwaka 1950, wakati rais alipokuwa Dr. Vedasto Kyaruzi. Mwaka 1953 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, alichaguliwa kuwa rais wa chama, na Abdulwahid akawa msaidizi wake. Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo lile lile la New Street lililojengwa kwa michango na kwa mikono, chama kikageuzwa kuwa TANU. Abdulwahid na Ally walikuwa katika watu 17 walioanzisha chama hicho. Abbas akawa mtumishi wa nchi huru, akatumwa kuwa balozi. Mjukuu mwenye jina la babu yake, Kleist Sykes, alikuwa Meya wa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na ule mtaa wa Kipata leo waitwa kwa jina la Kleist Sykes.

Hapa twataka wasomaji wetu wasimame kidogo. Mwaka ule wa 1954 jambo jingine lilitokea kwetu. Tarehe 19 Juni, Gavana Twining alikirudisha Kalenga kichwa cha Mkwawa kilichochukuliwa na Wadachi mwaka 1898, ambacho mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, na aliyekipokea alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa. Siku kumi na nane baadaye, huko Dar es Salaam, wajukuu wa askari aliyekufa akitoka kumpiga Mkwawa walikaa pamoja na wenzao wakaanzisha chama cha kuikomboa nchi yote, na Uhehe ndani yake. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata Adam Sapi akawa Spika wa Bunge, akakaa katika kiti hicho miaka mingi. Hivyo mjukuu wa yule aliyepigwa na wajukuu wa yule aliyetumwa kupiga walikuwa raia wa nchi moja, wakitumikia jambo moja.

Wako watu wapendao kuhesabu madeni ya mababu. Husema, ukoo huu ulitufanyia hivi, kabila lile lilichukua ng'ombe wetu, baba ya fulani alishika bunduki ya serikali. Maneno hayo mengi ni kweli, wala hatusemi yasahauliwe. Lugalo na Kalenga ni mambo ya kufundishwa watoto, na nyara ni nyara. Lakini maisha ya Kleist Sykes yatuonyesha ya kuwa asili ya mtu si hukumu yake. Yeye alizaliwa katika vita vya watu wengine, akapewa jina la watu wengine, akafundishwa kwa faida ya watu wengine. Hakulaani wala hakujisifu kwa ajili ya hayo. Aliyachukua yote kama seremala achukuavyo mbao za nyumba iliyobomoka, akajenga nayo nyumba mpya.

Tena wazazi na wajisomee somo lao. Kleist hakumjua baba yake. Hakuwa na mfano wa damu wa kufuata, ila wema wa mtu aliyempokea. Na kwa sababu alipokewa, alijua kupokea. Kwa sababu alifundishwa, alifundisha. Kwa sababu alikosa ukoo, alijenga ukoo uliozaa watumishi wa nchi. Katika vijiji vyetu wako yatima wengi, wengine wameachwa na maradhi, wengine na safari za baba wasiorudi. Hakuna ajuaye ni yupi kati yao atakayejenga nyumba ambayo taifa zima litaingia. Aliyejua katika habari hii alikuwa nani? Effendi Plantan hakujua. Alimwona mtoto wa rafiki yake aliyekufa maji, akampisha mahali penye sinia ya chakula pamoja na watoto wake.